Taa Yangu Ilifugwa kwa Wesley kama Ng'ombe

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, wa huku Litein kwenye majani chai. Shule niliachia darasa la tatu. Kazi yangu ilikuwa kuchuna majani na kuzalisha akina mama. Nasema ilikuwa... Soma uone kwa nini.

Mimi Rael ndiye nilikuwa hospitali ya kijiji chetu. Mvua ikinyesha, barabara haipitiki, kwa hivyo mama akishikwa na uchungu alikuja kwangu. Nilizalisha kwa koroboi. Macho yanauma kwa moshi, na damu ikitoka huwezi kujua ni nyingi kiasi gani. Mama mmoja alinifia hivyo. Nilijua amekwisha nilipogusa blanketi nikapata limelowa lote!

Siku moja wageni walikuja kanisani kwetu, wanagawa taa za jua kwa watu wasio na stima. Wakasikia habari yangu. Wakanipa mimi, mbele ya watu wote, kioo cha kuvuta jua, betri na taa mbili. Mgeni mmoja alisema hii ni ya akina mama wanaozaa. Nililia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa.

Lakini nyumba yangu ilikuwa ya nyasi. Fundi wao akatikisa kichwa. Alisema kioo kinataka mabati. Ndipo bwana yangu Joel akasema kiwekwe kwa Wesley.

Huyu Wesley namtaja bila kuogopa. Yeye na Joel walitahiriwa pamoja, ni bakule. Kwetu bakule hamnyimi bakule, wala hamwulizi maswali. Tena kwetu tuna kimanagan. Ukikosa malisho, unampeleka ng'ombe wako kwa rafiki akufugie. Yeye anakunywa maziwa, lakini ng'ombe anabaki wako, na ndama wako. Hakuna kuandikiana. Kila mtu anajua alama ya sikio.

"Mama Chebet," Joel akaniambia, "hiyo taa tunaifuga tu kule. Tukipata mabati, inarudi nyumbani."

Niliona amesema vizuri. Nani kwetu angekataa?

Basi nyumba ya Wesley ikang'aa! Akanunua televisheni ndogo, wanaume wakajaa kwake kutazama mpira, Joel akiwa mbele kabisa. Mimi huku nikaendelea na moshi wangu.

Baadaye kidogo Joel akaingia bomani na mtamba mwekundu mwenye mimba. Akasema Wesley naye ametupa tumfugie, kimanagan. Nikafurahi! Nikamkatia nyasi, nikampa chumvi, akazaa, nikamkamua. Hata kanisani nilisimama nikashukuru Mungu kwa rafiki kama Wesley. Leo nikikumbuka hayo maneno, mdomo unakuwa mchungu.

Bonasi ya chai ilipotoka, niliishika kabla Joel hajaipeleka kwa marafiki zake, nikanunua mabati. Nyumba ikaezekwa. Nikaenda kwa Wesley kuomba taa yangu.

Alicheka. "Mke wetu! Ng'ombe amezoea malisho ya huku, sasa unataka kumsumbua?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mjinga mimi! Nikarudi tena, akaniambia betri ni mgonjwa, ningoje ipone. Niliporudi mara nyingine, juu ya paa hapakuwa na kitu. Alikuwa amepeleka kila kitu Siongiroi, kwa duka lake jipya karibu na soko la ng'ombe!

Nikamwambia Joel aende. Akakasirika. "Mtu hamharakishi bakule. Unataka nionekane aje?"

Sasa sikia yaliyonipata...

Ilikuwa jioni ya mvua kubwa, ndani giza kabisa. Wakamleta msichana aliyekuwa akizaa mara ya kwanza. Ni nani? Ni Chelangat, mke wa mtoto wa Wesley! Taa ya kuzalishia iko dukani kwa baba mkwe, na mke wa mtoto wake analetwa kwangu gizani!

Nikawasha koroboi nikaiweka karibu, kwa sababu mtoto alikuwa anatanguliza miguu. Uchungu ukamshika, akarusha mguu, koroboi ikaanguka. Mafuta yakamwagika kwa blanketi, moto ukaruka. Ningefanya nini? Nililishika lile blanketi linalowaka kwa mikono yangu yote miwili, nikalitupa nje kwa mvua. Halafu kwa mikono hiyo hiyo nikamtoa mtoto. Alilia. Mama yake akapona.

Mimi vidole vilikauka vikajikunja. Sichuni chai. Sizalishi mtu.

Nikapeleka shtaka langu kwa wazee, wakaketi. Wesley alikuja amevaa koti. Hakuuliza hata mikono yangu inaendeleaje. Akasema, "Wazee, ng'ombe ana alama ya sikio. Huyu mama atuonyeshe alama yake kwa kile kioo."

Nikamgeukia Joel aseme ukweli. Akaangalia viatu vyake.

Mzee mmoja akamwuliza Joel taa ni ya nani, akamwuliza tena mara ya pili. Ndipo Wesley akachoka na mchezo, akasema kwa sauti, "Joel, si uwaambie? Yule mtamba mwekundu nilikupa wa nini?"

Ndugu zangu! Mtamba hakuwa wa kimanagan. Joel alikuwa ameuza taa yangu, akaniletea bei yake bomani, nami nikailisha na kuikamua na kuishukuru! Niliuliza kwa nini. Bwana yangu alijibu kwamba mwanaume haringi kwa taa ya kuzalishia. Anaringa kwa ng'ombe.

Wazee walisema mali imeshabadilishwa, wakaenda nyumbani. Joel bado ni bwana yangu, anakula chakula changu. Lakini hatuna la kuzungumza. Na akina mama? Mwaka huo huo mmoja alijifungulia katikati ya majani chai akikimbilia barabara. Mtoto wake hakulia.

Wenzangu, mama akipewa kitu cha kazi yake, asikubali kifugwe kwa mtu. Kama nyumba ni ya nyasi, kikae chini ya kitanda chako mpaka mabati yapatikane. Wakuite mchoyo, wakuite mke mkaidi, waache waseme! Ng'ombe ana sheria zake za wazee. Vitu hivi vipya bado havina sheria, na mwenye tamaa anajua hilo kabla yako. Nanyi mnaogawa taa, msimpe mama kitu halafu mkamsikilize bwana yake kuhusu mahali pa kukiweka. Mngeniuliza mimi! Hata mara moja tu mngeniuliza.