Mwito Usioitikiwa

Kilichoanza ni harufu. Fundi alikuwa mezani sebuleni, kompyuta ikiwa wazi mbele yake, akaisikia harufu ya udongo uliomwagiwa maji ikitoka chumbani kwa mama yake, chumba ambacho tangu mazishi hakikulaliwa na mtu. Akaenda kufunga dirisha. Alilikuta limefungwa.

Mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya simu alizowatengenezea bure. Kazi yake hasa ilikuwa kuuchunga mtandao wa hospitali akiwa nyumbani. Yeye ndiye aliyepanga ratiba: lini seva zikaguliwe, lini nakala za mafaili zihifadhiwe, lini ruta, vile visanduku vya kusambaza mtandao, zizimwe na kuwashwa upya zisije zikagoma wagonjwa wamejaa. Kazi isiyo na shukrani. Mtandao ukienda vizuri hakuna anayekukumbuka. Ukikatika, simu yako haipoi.

Jioni ile ruta zilipoanza kuzimwa, alama zao kwenye kioo zikigeuka nyekundu moja baada ya nyingine, sauti ikatoka chumbani.

"Njoo."

Ilikuwa ya mama, na mikwaruzo yake ya koo. Kabla akili haijafika, mdomo ulishaitika: "Nakuja, mama."

Alama ziliporudi kijani, nyumba ikanyamaza.

Hakumwambia mumewe. Angeanzia wapi? Akaisogeza ratiba hadi alfajiri. Sauti ikaja alfajiri. Akaipeleka adhuhuri, jua linawaka, majirani wanaanika nguo. Ikaja adhuhuri, na safari hii kitanda kililia kwanza, kama mtu anayejiinua. Kila mara aliitika. Angeulizwa kwa nini, angesema hajui, na angekuwa amesema uongo.

Siku moja mumewe, dereva wa lori, alirudi safari mapema. Alisimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi.

"Nani yuko chumbani kwa mama?" alinong'ona.

"Hakuna mtu."

"Mke wangu, nimemsikia."

"Mama amekufa."

"Najua amekufa. Si tulimzika wote? Ndiyo maana nakuuliza."

Wakamleta tabibu wa kienyeji, mwanamke wa makamo aliyebanwa na mafua, anayepenga kamasi huku akipapasa fremu ya mlango kama seremala anayetafuta mchwa.

"Huyu si mama yako," alisema. "Maiti haiiti. Hili ni jini, na jini halivunji ukuta, linapita palipoachwa wazi. Humu ndani kuna mwito ambao haukuitikiwa. Limeuokota, limeuvaa. Ukiliambia 'nakuja' unaliahidi, na siku litakapochoka kungoja litakufuata lenyewe. Haya, sema. Mama alipoita, ulikuwa wapi?"

Fundi akamtazama mumewe. Ndugu wote aliwaambia kwamba mama aliondoka usingizini.

"Nilikuwa hapo mezani. Ruta zilishaanza kuzimwa. Ningeiacha kazi katikati, mtandao wa hospitali ungeanguka."

"Sikukuuliza habari za hospitali," tabibu alisema, bila ukali. "Anzisha hiyo kazi sasa hivi, kisha njoo usimame hapa. Likiita, usiitike. Liambie ukweli."

Fundi akabonyeza, akaja mlangoni. Ruta ya kwanza ikazimwa, na harufu ya udongo ikaja nzito ya kukaba koo, na kitanda kikalia, na nyayo zikagusa sakafu, nyayo zilizobandika na kubanduka kama miguu inayochomolewa topeni, zikavuka chumba taratibu mpaka nyuma ya mlango, na kitasa kikaanza kushuka, na sauti, tamu kuliko mama alivyopata kuwa nayo, ikasema njoo mwanangu, njoo, mbona umechelewa hivyo, na Fundi akahisi magoti yanataka kwenda bila yeye, maana hilo ndilo alilokuwa akiliomba tangu mazishi, aitwe tena ili safari hii aende.

"Nilimsikia," alisema. "Nilimsikia mama. Nikasema nakuja, nikabaki nimekaa. Wewe si yeye. Sina ahadi na wewe."

Kitasa kikaachiwa ghafla. Kitu kizito kikaburuzwa, dirisha likagonga ukuta kwa nje, mbwa wa mtaa mzima wakabweka kwa pamoja, kisha harufu ikakatika kama iliyokatwa kwa kisu. Tabibu akasoma kwa sauti ya chini, akasukuma mlango. Hakukuwa na mtu. Shuka lilikuwa limelowa matope kutoka kichwani hadi miguuni.

"Limekwenda," alisema. "Chomeni hilo shuka."

Tabibu alipoondoka, dereva alikuwa bado amesimama mezani, akiitazama kompyuta. Alama zote zilikuwa kijani, na hakuna aliyeigusa.

"Kumbe kazi hii hujimaliza yenyewe?" aliuliza.

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Mama aliita mara ngapi?"

Fundi akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Mpaka alipoacha."