Mazimwi Sita na Plagi Moja

Ndugu zangu wa Mtama, na ninyi wa Mingoyo mliofikiwa na habari hii ikiwa imeshapindishwa njiani, tulieni niwasimulie ilivyokuwa. Cletus hakuwa mlevi. Hakuwa mwizi, wala hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wakisikia nyumba imevunjika hukimbilia kuuliza chupa iko wapi, na katika nyumba hii hapakuwa na chupa.

Mwaka ule mikorosho ilichanua vizuri. Alfajiri za mwezi wa saba ungemkuta Cletus shambani, mashine ya kupulizia salfa mgongoni, kitambaa kimefungwa puani, umande bado umelala kwenye majani. Salfa hupulizwa wakati huo tu, unga upate kushika kwenye maua na kuzuia ule ukungu mweupe tunaouita ubwiri. Jua likishakausha majani, unapulizia hewa. Mbele yake alitangulia Lusia, mkewe, akiwa na ndoo ya salfa ya kujazia. Jirani yao Kazija, mjane mwenye shamba ng'ambo ya barabara, alibeba petroli na kuchungulia upepo unatoka wapi. Mzee Severini, mjomba wake Lusia, alionyesha kwa fimbo mti wa kuanza nao. Walikuwa wakimaliza kazi kabla chai haijachemka, na Cletus akirudi nyumbani binti yake Debora alimcheka kwa jinsi nyusi zilivyogeuka manjano.

Mashine ile ilikuwa mali ya kaya tatu, ya Severini, ya Lusia na ya Kazija. Waliinunua kwa kuchanga baada ya ushirika kuacha kuwaletea pembejeo na kila mkulima kuambiwa soko sasa ni huria, ajitegemee. Ilihifadhiwa chumbani kwa Cletus, kando ya magunia ya salfa, kwa kuwa mpulizaji ni yeye.

Jambo jingine mlijue, hasa nyie wageni. Cletus alikuwa amehamia kwa mkewe, kama wengi wa huku wanavyofanya hadi leo. Shamba lilikuwa la Lusia na ukoo wa mama yake, na msemaji wa ukoo alikuwa huyo mjomba. Mume wa namna hiyo haji na shamba, anakuja na mikono. Ikifanya kazi, anaheshimiwa kama mtoto wa nyumbani. Cletus aliheshimiwa miaka yote hiyo, na mwenyewe alijua kwa nini.

Basi soko huria lilileta mengi. Lilileta mitumba, redio za bei chee, na mwisho likamleta kijana mmoja kutoka Dar aitwaye Bakari, na runinga mbili, mashine za gemu na jenereta dogo la petroli. Akakodi banda karibu na stendi, akatundika pazia mlangoni, na kufikia wiki ya pili vijana wa Mtama walikuwa hawaonekani kwingine.

Gemu lililowashika lilikuwa la mazimwi. Kila mchezaji anachagua mazimwi sita, anayaingiza uwanjani moja moja kupigana na sita ya mwenzake, na yakiisha yako umeshindwa. Yapo ya moto, ya maji, ya mawe, ya sumu, na kila aina ina aina inayoiogopa. Maandishi yalikuwa ya kigeni, hivyo vijana waliyabatiza wenyewe: Joka, Chatu, Popo, Kobe. Wote walichagua ya moto matupu, maana yanapiga kwa kishindo na banda zima linapiga kelele.

Cletus aliingia siku moja kumtafuta fundi wa baiskeli. Akasimama nyuma, akatazama. Alimwona kijana mwenye majoka sita ya moto akimalizwa na zimwi moja tu la maji, akalirudia kosa lile lile mara tatu, na kila mara akilaumu kitufe.

"Sio kitufe," Cletus alisema. "Umepanga watu wa kazi moja. Nani anampokea mwenzake akizidiwa?"

Walimcheka. Yule kijana akasimama, akampisha. Na hapo, ndugu zangu, ndipo alipokaa.

Sitamnyima haki yake, alikuwa na akili ya jambo lile. Kwa majuma machache alijua kila zimwi linaogopa nini. Aliwafundisha vijana kwamba timu inataka mmoja wa kuvunja, mmoja wa kupokea mapigo, mmoja wa kumchosha adui kwa sumu, na mmoja wa kuponya wenzake. Aliwalazimisha kumchukua Kobe, ambaye hakuna aliyemtaka, kwani Kobe hapigi kabisa. Kazi yake ni kuponya na kuwakinga wenzake. Wakaanza kushinda. Wakamwita Kocha. Mtu aliyezoea kuitwa mkwe kwa miaka minane, akiitwa Kocha na banda zima, kichwa kinavimba kidogo hata asitake.

Alianza kuchelewa shambani. Mara ya kwanza alisema kichwa kinamuuma. Mara ya pili hakusema kitu, akafika jua limeshapanda, na raundi ile ikapulizwa nusu. Mzee Severini alitazama majani makavu, akatazama viatu vyake, akanyamaza. Katika ukoo ule mjomba akinyamaza ujue hajasahau.

Mchana mmoja Lusia alimfuata bandani akiwa na Debora. Cletus alifurahi kumwona, akamvuta karibu na runinga.

"Mama Debora, ona huyu. Huyu ni Kobe. Hapigi mtu, lakini mtoe yeye uone. Wote watano wanakufa."

Lusia alimtazama yule mnyama wa rangi ya kijani akijikunyata kwenye kioo. "Na nyumbani kwetu huyo ni nani?" aliuliza.

Vijana waliangua kicheko. Cletus naye akacheka, akamwambia atakuja sasa hivi. Lusia alimshika mtoto mkono, akaondoka. Swali lile lilikuwa limeulizwa kwa upole, na kwa upole huo huo likampita sikioni.

Sasa sikilizeni la Nane Nane. Vijana wa Mingoyo walikuwa na banda lao na bingwa wao, Hussen, kijana mwenye maneno mengi. Ilipangwa waje Mtama siku hiyo ya sikukuu ya wakulima, mchana, wapambane. Siku iliyofuata, alfajiri, ilikuwa raundi kubwa ya salfa. Maua yalikuwa yamefunguka yote, na ubwiri umeshaonekana kwenye mashamba ya upande wa Nyangao. Asubuhi ya Nane Nane mzee Severini alikuja mwenyewe kumkumbusha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kesho usitukosee, mkwe. Tukiikosa hii, mwaka umekwenda."

"Kesho nipo, mjomba. Nitawatangulia."

Na alimaanisha. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi katika habari hii, kwamba alimaanisha.

Mingoyo walifika wamejazana kwenye gari la mizigo, wakiimba. Banda lilifurika hadi nje. Bakari akavuta kamba ya jenereta, likakohoa, likazima. Akavuta tena. Kimya. Akafungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, akaigeuza, ncha yake imekwisha.

"Kocha, tumekwama," alisema. "Hii imekufa, na maduka yote yamefungwa, sikukuu."

"Semeni tu mnaogopa!" Hussen alipiga kelele kutoka mlangoni. "Mmeificha wenyewe!"

Cletus alimsogelea Bakari. Akachukua plagi ile mkononi, akaitazama, akaitambua. Ilikuwa sawasawa na ya mashine ya salfa. Akakimbia nyumbani.

Lusia alikuwa uani anapepeta mchele wa sikukuu. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona anainama juu ya mashine na spana.

"Unatoa nini humo, baba Debora?"

"Nasafisha. Kwa ajili ya kesho."

Akaitia plagi mfukoni, akaondoka mbio. Tundu la injini alilifunika kwa kitambaa alichokivuta kwenye kamba ya nguo, bila kukifunga. Alijiambia ni kwa mchana ule tu.

Jenereta likawaka. Nani asiyejua jinsi pambano lilivyokwenda? Hussen alikuja na mazimwi ya kuvunja matano na moja la mawe. Akamwua Joka, akamwua Popo, watu wa Mingoyo wakawa wanacheza ngoma. Cletus hakutikisika. Alimwingiza Kobe, akapokea mapigo, akaponya, akamtanguliza Chatu kutia sumu, akamrudisha Kobe. Taratibu, kama mtu anayepalilia. Zimwi la mwisho la Hussen lilidondoka lenyewe kwa sumu, na Kobe amesimama. Walimbeba Cletus begani hadi stendi na kurudi. Ilikuwa furaha ya kweli, na sitasema haikuwa.

Aliporudi kuchukua plagi, banda lilikuwa limefungwa. Bakari alikuwa amelipakia jenereta akalikodisha kwenye harusi Lindi mjini. Plagi ilikuwa humo.

Cletus angeweza kwenda kwa mzee Severini jioni ile ile akasema ukweli. Wangeomba plagi kwa mtu. Yuko mwalimu wa pale shuleni mwenye mashine kama ile, na hakuwa mtu wa kunyima. Lakini kusema ukweli kungekuwa kukiri kwamba ameingiza mkono kwenye mali ya kaya tatu kwa ajili ya gemu, siku ile ile aliyoitwa bingwa. Alijiambia Bakari atarudi mapema. Akalala.

Alfajiri walikusanyika. Umande ulikuwa mzito, upepo hakuna, alfajiri ya kuombea dua. Mzee Severini alivuta kamba. Akavuta tena. Akainama, akatoa kile kitambaa kilichokuwa kimeteleza hadi chini, akaona tundu.

"Plagi iko wapi?"

Kazija aliweka chini kidumu cha petroli. Lusia alimtazama mumewe, akakumbuka neno "nasafisha," na uso wake ukabadilika.

"Iko Lindi," Cletus alisema. "Nakwenda kuileta."

Alikwenda kweli, akarudi nayo adhuhuri, ametota jasho. Siku ya pili walifunga plagi, wakavuta, injini ikawaka kwa mlio wa ajabu, ikasaga kidogo, ikakwama kabisa. Kumbe Debora alipokuwa akicheza chumbani na paka juu ya yale magunia, unga wa salfa ulimwagika ukaingia kwenye lile tundu lililoachwa wazi. Fundi wa Lindi aliifungua akatikisa kichwa. Pistoni imekwaruzika, kipuri hadi kiagizwe Dar. Mashine ya mwalimu ilikuwa na zamu zake, na ilipowafikia maua yalikuwa yameshavaa ule weupe, kisha yakageuka kahawia, kisha yakaanguka. Kazija aliyafagia chini ya mti wake kama majivu. Hakumtukana mtu. Alisema tu, "Mimi sina mwingine wa kunilimia," na Cletus alilisikia.

Kikao kilikaa nyumbani kwa mzee Severini, wakubwa watupu. Mzee hakupaza sauti.

"Mkwe, ulikuja kwetu na mikono yako. Hatukukuuliza kitu kingine, si mali, si kabila, si dini. Sasa mikono umeipeleka kwa Bakari. Sisi tukae na nini?"

"Nimekosa, mjomba. Naomba nirudishe."

"Maua hayarudishwi."

Cletus aligeuka kwa mkewe. "Mama Debora, sema neno."

Lusia alimgeukia. "Ungeniambia unatoa plagi, ningekuzuia au ningekusaidia," alisema. "Ukaniambia unasafisha. Nilikuuliza mwenyewe, ukanitazama machoni." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, na hakuongeza.

Ndivyo nyumba ile ilivyovunjika, Cletus akarudi kwa mama yake Mingoyo. Hussen alimpokea kwa shangwe, akataka awafundishe. Alifundisha miezi michache, hadi banda lile nalo likafungwa, vijana walipohamia kwenye mambo mengine mapya. Hawakumwita Kocha tena. Walimwita jina lake.

Mwaka uliofuata, maua yalipotoka, alipanda gari la alfajiri hadi Mtama. Alikuwa amejipanga kuomba radhi kwa kazi, abebe mashine tu, hata asilipwe. Alisimama ukingoni mwa shamba, na pale aliwaona. Mashine ilikuwa imetengenezwa. Lusia ndiye aliyeibeba mgongoni, amefunga kitambaa puani. Kazija alibeba ndoo, mdogo wake Lusia alibeba petroli, na mzee Severini alionyesha miti kwa fimbo. Mmoja akichoka mwenzake alimpokea, bila kuitwa.

Cletus alikuwa na jicho la mambo hayo. Aliitazama timu ile kama alivyozoea kutazama kioo cha runinga, akatafuta wapi kuna pengo. Hakuliona. Aligeuka kabla hajaonekana. Debora, aliyekuwa akienda shule, alikutana naye barabarani. "Shikamoo, baba," alisema kwa adabu. Akasubiri kidogo, kisha akaendelea na safari yake.

Funzo

Msiniambie gemu ndilo baya. Mimi mwenyewe nimetazama pambano lile nikapiga makofi. Ubaya ni mtu kuwa na akili ya kujua nani anaziba pengo la nani, na akili hiyo akaitumia kwa mazimwi sita ya kwenye kioo, huku watu wake wa nyumbani akiwaacha wazi. Nyumba yako nayo ni timu. Wamo wanaobeba, wanaokinga, na wamo wanaowaponya wengine bila kusikika. Wajue kwa majina. Mali ya watu watatu usiiguse kwa siri, hata kwa mchana mmoja. Na ukishaigusa, sema jioni ile ile, mlango wa jirani ungali wazi. Cletus hakuangushwa na plagi. Mkewe alimuuliza anatoa nini, naye akajibu anasafisha.