Begi Bila Bahasha

Kila alasiri Chiriku alipotoka shule alianza na kazi moja: kufagia chini ya cherehani. Mama yake alikuwa fundi nguo, na chumba cha mbele cha nyumba yao hakikuishiwa nyuzi, pini na vipande vya vitambaa. Vipande alivitia kwenye kiroba kilichokaa nyuma ya mlango, pini akazirudisha koponi. Kisha alikaa kwenye kigoda na kumsimulia mama yake habari zote za siku ile, kuanzia kengele ya asubuhi. Ndiyo maana nyumbani na shuleni walimwita Chiriku. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiojua likizo.

Mwezi ule mama alikuwa karibu kujifungua. Mtoto alikuwa amelala kwa kukingama tumboni, na mama alikuwa na kovu la upasuaji wa zamani, ule wa kumzaa Chiriku. Kwa hiyo daktari wa zahanati alimwandikia barua ya kwenda hospitali kuu, afanyiwe upasuaji Alhamisi asubuhi. Baba, ambaye alikuwa dereva wa lori, angerudi kutoka safarini Alhamisi hiyo hiyo jioni. Kabla ya kuondoka alimwomba dada yake mkubwa aje kumsaidia mkewe.

Shangazi alifika na masanduku mawili na ulimi uliotosha kujaza la tatu. Alipika vizuri, alicheka kwa sauti, na kila alichosema kilikuwa kitamu kusikiliza mradi hakikuhusu wewe. Chiriku alimpenda siku ya kwanza.

Jumapili mama alitandika shuka kitandani, akaweka begi la bluu katikati na kumpa Chiriku orodha aliyopewa na muuguzi wa zahanati.

"Soma polepole, mwanangu. Mimi natia."

"Magauni mawili yanayofunguka mbele. Chupi kubwa, zisikwaruze mshono. Pedi pakiti tatu. Nepi, kofia na soksi za mtoto. Kandambili. Sabuni na mswaki."

"Endelea."

"Bahasha yenye barua ya daktari, kadi ya kliniki, majibu ya damu na picha ya tumbo." Chiriku akainua kichwa. "Hapa wamepiga mstari mara mbili."

Mama aliichukua bahasha ya kaki, akahesabu karatasi zilizokuwa ndani, akaiingiza kwenye mfuko wa pembeni wa begi na kufunga zipu.

Shangazi alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani. "Begi kubwa hivyo, wifi, unakwenda kuzaa au unahama?"

"Ni vitu walivyoniandikia, dada."

"Mimi nimezaa saba. Nilikwenda na kanga yangu na pumzi zangu. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyelala usingizi akaamshwa kuonyeshwa mtoto. Lakini wewe, ni kweli, kwako ni rahisi. Tumbo lina zipu tayari. Unafungua, unatoa, unafunga."

Akavuta kidole hewani kutoka kushoto kwenda kulia na kutoa mlio wa zipu mdomoni. Chiriku akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, kwa maana mlio ule ulikuwa wa zipu hasa. Mama aliendelea kukunja soksi za mtoto, zile zile, akizikunja na kuzikunjua.

Kuanzia siku ile shangazi hakumwita tena wifi. Alimwita Zipu. "Zipu, chai iko mezani." "Zipu, usiinue ndoo, utafunguka." Kila aliposema alimtazama Chiriku kwanza, na kila mara Chiriku alicheka, wakati mwingine hata bila kutaka.

Jumatatu aliupeleka mzaha shuleni. Aliwasimulia wenzake wakati wa mapumziko, akavuta kidole tumboni na kutoa ule mlio. Walicheka sana. Jumanne walikuwa wanauelekeza kwake. Alipopita kati ya madawati, mmoja alifanya "zzzip" na wengine wakaangua kicheko. "Mtoto wa Zipu," walimwita. "Wewe hukuzaliwa, ulitolewa kama daftari mkobani." Wakati wa michezo msichana mmoja alimvuta blauzi mbele ya wote ili aone kama naye ana zipu, na hakuna aliyemzuia.

Chiriku alirudi nyumbani akiwa amevimba kwa hasira, lakini hasira yake ilichagua mtu mbaya. Hakumkasirikia shangazi, wala wenzake. Alimkasirikia mama yake, kwa sababu hakuzaa kama watu wengine. Siku ile alifagia chumba bila kusimulia lolote. Mama alipomuuliza kulikoni, alijibu, "Mtu mwenyewe huwezi hata kuzaa."

Mguu wa mama ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. Halafu akaendelea kushona.

Jumatano alasiri mama alikwenda kuoga. Shangazi alikuwa jikoni akichambua mchele, na Chiriku alikuwa karibu yake.

"Unajua nini kinachowapa jeuri madaktari?" shangazi alisema. "Karatasi. Mtu asipokuwa na karatasi watamwacha asukume kama Mungu alivyopanga, na mambo yatakwisha. Ungekuwa na mdogo wako aliyezaliwa kama watu wengine, si kwa zipu. Hata hao wanaokucheka wangenyamaza."

"Na bahasha ikikosekana?"

Shangazi alipuliza wishwa. "Mimi sijasema kitu. Mimi nachambua mchele."

Chiriku aliingia chumbani, akafungua mfuko wa pembeni wa begi, akaitoa bahasha na kuizamisha chini kabisa ya kiroba cha vipande vya vitambaa. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Alhamisi saa moja asubuhi walikuwa hospitali kuu. Chiriku alibeba begi, shangazi alibeba chupa ya chai na mkate wake. Mama hakuwa ameweka kitu kinywani tangu jana yake, kwa maana aliambiwa aje na tumbo tupu.

Mezani alikaa mkunga mwenye miwani, mwanamke wa makamo ambaye aliuliza maswali bila kuinua macho.

"Karatasi."

Mama alifungua mfuko wa pembeni. Akaingiza mkono. Akafungua begi lenyewe, akatoa magauni, akatoa pedi, akatoa nepi. Mwishowe aliinamisha begi lote juu ya benchi, na chupi zake kubwa zikaanguka sakafuni mbele ya foleni nzima. Mwanaume mmoja aligeuza uso. Wanawake wawili walicheka.

"Niliitia mwenyewe," mama alisema. "Niliitia Jumapili. Huyu mwanangu alikuwepo." Akamgeukia. "Si uliiona?"

"Niliiona," alisema Chiriku. Hilo lilikuwa kweli, na aliishia hapo.

"Mama mtu mzima unakuja kupasuliwa bila karatasi," mkunga alisema, sauti yake ikisikika mpaka mwisho wa ukumbi. "Jina lako lipo kwenye orodha, lakini sijui damu yako ni ya kundi gani, wala sijui kovu lako likoje. Daktari hapasui mtu kwa kubahatisha. Kaa pale, utapimwa upya. Anayefuata."

Nafasi ya mama ikachukuliwa na mwanamke mwingine. Walikaa kwenye benchi la mbao karibu na mlango wa maabara, ambako foleni ilikuwa ndefu na kiyoyozi hakikufanya kazi. Mama alikuwa na kiu, midomo imemkauka. Shangazi alijimiminia chai, akaipuliza, akanywa taratibu pembeni yake.

"Umeona sasa," alisema huku akitafuna. "Hata Mungu amekataa hiyo zipu."

Chiriku aliangalia saa ya ukutani. Saa mbili. Saa tatu. Mara tatu alifungua mdomo na mara tatu akaufunga. Ule mdomo uliosimulia kila kitu, kuanzia kengele ya asubuhi, leo ulikuwa mzito kama umeshonwa. Alijiambia kwamba mama atapimwa tu, na hakuna atakayejua.

Ilipokaribia saa tano mama alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa umepauka, na jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Uchungu huo," alisema shangazi, na alikuwa anatabasamu. "Sasa sukuma."

Mkunga aliinuka mezani na kuja kwa hatua za haraka. Alimpapasa mama tumboni, mkono mmoja juu, mwingine chini, na macho yake yakabadilika. "Nani amekwambia usukume? Usisukume hata kidogo. Mtoto huyu amekingama, hana njia. Na kovu hili, ni la mtoto yupi?"

"Ni la huyu," mama alisema, akimwonyesha Chiriku kwa kidevu. "Alikwama siku mbili. Waliponiambia kwamba huenda nisiamke, niliwaambia wamtoe yeye tu."

Chiriku alijua kwamba alizaliwa kwa upasuaji kama alivyojua tarehe yake ya kuzaliwa. Lakini hilo la mama kuomba atolewe yeye tu hakuna aliyewahi kumwambia.

"Sista," alisema, "bahasha niliichukua mimi. Niliificha. Iko nyumbani."

Mama alimtazama. Hakumuuliza kwa nini. Kutazamwa kule ndiko Chiriku alikokumbuka kwa muda mrefu baadaye.

"Ni mbali?" aliuliza mkunga.

"Dakika ishirini."

"Damu aliyowekewa iko benki ya damu, na namba yake imo ndani ya hizo karatasi. Kimbia."

Alikimbia. Alivuka barabara mbili bila kuangalia vizuri, akatukanwa na mwendesha baiskeli, kandambili moja ikakatika akaiacha. Nyumbani alikimwaga kiroba chote sakafuni. Aliporudi, mguu wake ulikuwa unatoka damu na benchi lilikuwa tupu. Chini yake palikuwa na maji, na ndani ya maji palikuwa na wekundu. Mkunga aliipokea bahasha mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akaichana kwa meno kwa kuwa mikono yake ilikuwa na glavu, na mlango ukafungwa.

Shangazi alikuwa ameketi mbali, anafuta vikombe.

Saa nane mkunga alitoka. "Mtoto ni wa kike, anasaidiwa kupumua, ataishi. Mama yako amepoteza damu nyingi. Kovu lilikuwa limeanza kuachia." Alivua miwani na kuifuta kwa upindo wa gauni. "Mfuko wa uzazi wenye kovu, mtoto akiwa amekingama, ukisukumwa hupasuka. Ukipasuka, watu hufa wawili kwa pamoja. Upasuaji si uvivu, ni matibabu. Na karatasi zile si mapambo ya begi. Saa nne ulizonyamaza, mama yako alizilipa kwa mwili wake. Ungesema saa moja, angekuwa amelala salama saa tatu." Hakumshika bega wala kumpa pole. Alirudi kazini.

Jioni baba alifika moja kwa moja kutoka kwenye lori, nguo zimejaa vumbi. Mama alikuwa kitandani wodini, mpira wa damu mkononi, uso wake wa rangi ya majivu. Shangazi alitangulia kuzungumza.

"Kaka, mkeo alisahau karatasi. Tumehangaika kutwa nzima."

Mama alimgeuzia Chiriku macho. "Mwambie baba yako," alisema kwa sauti ndogo. "Anzia pale ulipocheka."

Chiriku alisimulia. Alianza na zipu, akaja shuleni, akaja kwenye neno alilomjibu mama, akaja kwenye mchele na bahasha. Shangazi alimkatiza mara mbili.

"Mtoto mwongo huyu. Mimi niliongea tu. Nani alimtuma?"

"Ni kweli," mama alimwambia Chiriku. "Hakukutuma. Wifi yangu alisema, na kwa kusema kwake mimi nitamjibu siku nikipata nguvu za kukaa. Lakini mkono ulioingia kwenye begi langu ulikuwa wako, mwanangu. Mtu akikuchekesha, tazama kwanza nani analia. Na ukikosea, sema wakati kusema bado kunasaidia. Leo ulisema ukiwa umechelewa, ukanisaidia nusu."

Baba alimwomba dada yake akafungashe masanduku yake. Alimwomba kwa adabu, kwa sababu alikuwa mkubwa wake, na hakumtazama alipokuwa akisema. Shangazi alitoka akisonya. Mpaka kesho huwaambia watu kwamba alifukuzwa kwa ajili ya maneno ya mtoto.

Mama alilala hospitali siku tisa. Siku mbili za kwanza Chiriku alipokwenda alikaa tu kwenye kiti, na mama alizungumza na wauguzi tu. Siku ya tatu mkunga mwenye miwani alimleta mtoto kutoka chumba alikokuwa akisaidiwa kupumua, akiwa amefungwa kama mkate, na akamuuliza mama ampe nani.

Mama alifikiri kwa muda mrefu kuliko Chiriku alivyoweza kuvumilia.

"Nawa mikono kwanza," alimwambia. "Kwa sabuni. Mpaka kwenye viwiko."