Mipira Kumi na Moja Iliyopotea

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika kwenye lango la shamba lao, Jory Nankervis alisimama kando ya banda la kunyolea kondoo na kupiga mpira mara kumi. Shabaha yake ilikuwa kuupitisha juu ya tangi la maji. Tangi hilo lilikuwa mbali, na baridi ya Julai ilimtia ganzi vidole vya miguu. Hata hivyo, mara nane au tisa mpira ulipita juu na kuangukia kwenye shayiri changa upande wa pili.

"Jory! Basi hilo linakata kona!" mama yake aliita kutoka jikoni.

"Imebaki miwili tu, mama!"

"Mwache alikose," alisema dada yake Keely, aliyekuwa langoni tayari na begi mgongoni. "Atalifukuza mbio. Si kila siku anatuambia ana mguu?"

Keely alikuwa na miaka kumi na minne na alicheza netiboli katika klabu ileile ambayo Jory, mwenye miaka kumi na miwili, alichezea mpira. Jory hakumjibu. Alijua kwamba katika rasi nzima walikoishi hakukuwa na mtoto wa rika lake aliyepiga mpira mbali kama yeye.

Kwa sababu ya mguu huo alipewa kazi ya kuanzisha mpira kutoka nyuma. Katika mpira wa Australia kila upande wa uwanja una milingoti minne. Mpira ukipita kati ya miwili mirefu ya katikati, hilo ni goli, nalo lina pointi sita. Ukipita pembeni yake, au ukigonga mlingoti mrefu, ni pointi moja tu. Baada ya pointi hiyo moja, mlinzi huuchukua mpira na kuupiga kwa mguu kutoka kwenye kisanduku kidogo mbele ya milingoti yake. Mwenzake akiudaka kabla haujagusa chini, hakuna anayeruhusiwa kumsumbua mpaka aupige tena kwa nafasi. Lakini akiudaka mpinzani, basi mpinzani huyo yuko karibu kabisa na milingoti yako.

Jory alipoupiga mpira ukapaa, wazazi waliokaa ndani ya magari yao kuzunguka uwanja walipiga honi. Alizipenda honi hizo kuliko kitu chochote siku ya Jumamosi.

Hata hivyo, watoto wa Port Hallam, timu ya Jory, walikuwa wamefungwa mechi tatu mfululizo. Timu nne za kwanza ndizo zingeingia fainali, nao walikuwa wa tano, zikiwa zimebaki mechi mbili. Ilikuwa miaka tisa tangu timu yao ya watoto ifike fainali.

Baada ya mechi hiyo ya tatu, Kocha Trezona, mkulima mrefu mwenye maneno machache, alimwita Jory pembeni na kumpa kijitabu.

"Mama yako amepiga picha za video za mechi nzima, sivyo?"

"Ndiyo, Kocha. Alisimama nyuma ya pikapu."

"Vizuri. Tazama kila mpira ulioanzisha. Andika uliangukia wapi na nani aliupata. Nataka kujua tunapopotelea."

Jumapili mchana Jory alikaa mbele ya video. Alikuwa ameanzisha mpira mara kumi na saba. Alipofika nusu, alisogea karibu na kioo. Mipira yake ilipaa vizuri, ndiyo, lakini karibu yote iliangukia mahali pamoja, upande wa kushoto, katikati ya msongamano wa watu. Wapinzani walikuwa wakiingoja pale. Mipira kumi na moja waliichukua wao.

Aliirudisha video na kuhesabu tena. Ilikuwa kumi na moja ileile.

Alishika kalamu muda mrefu. Alifikiri: Kocha akiona hivi, atamtafuta mwingine. Mwishowe akaandika kwamba mipira iliyopotea ilikuwa minne tu. Na kwa kuwa lazima pawe na sababu, mbele ya yote minne aliandika: "Raf aliangusha." Ukweli ni kwamba Rafferty, mlinzi mdogo wa umbo aliyekuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza, alikuwa ameangusha mmoja.

Jumanne Kocha alikisoma kijitabu, akakunja uso, na kumhamisha Raf kutoka nyuma. Alimweka mbele kabisa, pembeni, ambako mpira hufika mara moja moja.

Raf alimfuata Jory kwenye bomba la maji. "Kwani mimi naangusha sana?"

"Mara... mara chache," Jory alisema akitazama viatu vyake.

"Basi nitafanya mazoezi. Ungeniambia tu, bwana. Mimi sinuni."

Jumamosi iliyofuata Port Hallam walifungwa vibaya kuliko siku zote. Mipira ya Jory ilipaa, honi zikalia, na wapinzani wakaidaka na kuirudisha. Raf alisimama peke yake kule mbele, mikono kwapani kwa baridi. Aligusa mpira mara mbili. Bahati yao ni kwamba Tallinga, timu ya nne, nayo ilifungwa. Baada ya mapumziko ya wiki moja Port Hallam wangecheza na Tallinga hao hao, na mshindi angeingia fainali.

Jumapili, baada ya kutoka kanisani, familia ilikaa mezani. Mama aliinamisha kichwa akaomba, na mwishoni akasema, kama kawaida yake, "Na utusamehe makosa yetu."

Keely akasema, "Amina." Jory alifungua mdomo lakini neno halikutoka.

"Una nini wewe?" Keely aliuliza. "Umeng'atwa ulimi?"

"Mama," Jory alisema. "Nimemsingizia Raf."

Aliwaeleza yote. Mama yake alisikiliza bila kumkatiza. Kisha alifunika sahani ya Jory kwa sahani nyingine.

"Chakula kitakungoja," alisema. "Si mimi unayepaswa kuniambia. Kocha yuko nyumbani kwake, na baiskeli yako ina upepo."

Jory alimkuta Kocha Trezona akikaza waya za uzio. Njia nzima alikuwa akiomba Mungu ampe maneno, lakini yaliyokuja yalikuwa machache tu.

"Kocha, kile kijitabu kina uongo."

Kocha alivua kofia. "Kiasi gani?"

"Mipira kumi na moja waliichukua wao. Mimi niliandika minne. Na Raf aliangusha mmoja tu. Kosa ni langu. Ninapiga mahali palepale kila mara."

"Kwa nini uliandika hivyo?"

"Niliogopa utanitoa kwenye kisanduku."

Kocha aliachia waya. Kondoo walilia bondeni. "Nilimtoa mtoto kwenye nafasi yake kwa sababu ya maandishi yako," alisema. "Na wiki nzima nimekuwa nikitafuta ugonjwa mahali ambapo haupo. Nawezaje kuitibu timu hivyo?"

"Samahani, Kocha."

"Nimesikia. Lakini sitakutoa kwenye kisanduku. Jumanne utasimama mbele ya wenzako usome hesabu ya kweli. Baada ya hapo tutaona kama mguu huo unaweza kujifunza."

Jumanne Jory alisimama mbele ya timu. Alisoma mpaka mwisho, na jina la Raf akalitaja kwa sauti.

"Kumi na moja!" alipayuka Banjo, mchezaji wa kati ambaye hakujua kunyamaza. "Hiyo si kuanzisha mpira, hiyo ni kugawa zawadi!"

Wote walicheka isipokuwa Raf.

"Kila jioni nilikuwa napiga mpira ukutani naudaka," Raf alisema polepole. "Mpaka viganja vikawa vyekundu. Nilidhani mikono yangu ndiyo mibovu."

"Nisamehe, Raf."

"Nitakusamehe. Ila usiniharakishe."

"Haya," alisema Kocha, "Raf anarudi nyuma leo hii. Sasa tuseme kweli yote. Jory anapiga mahali pamoja kwa sababu gani?"

"Kwa sababu sioni mtu aliye huru," Jory alisema. "Kila mtu anasimama na mkabaji wake ubavuni."

Ng'ambo ya uzio wasichana wa netiboli walikuwa wakinyoosha viungo. Keely alishindwa kujizuia. "Mnasimama kama nguzo, halafu mnashangaa mnakabwa!"

"Nani kakuuliza?" Banjo alimjibu. "Huu ni mpira wa kweli, dada, si wa kurushiana kikapuni."

"Wa kweli? Mmefungwa mara nne kweli!"

Kocha alimtazama Keely, akageukia timu yake. "Keely, njoo huku. Nyinyi filimbi ikilia mna muda gani wa kumkimbia mkabaji?"

"Muda wa kupepesa jicho tu, Kocha. Anayeshika mpira haruhusiwi kukaa nao."

"Wafundishe hawa."

Wavulana waliguna, lakini Keely alikwisha kuruka uzio. Alimweka Banjo amkabe. Alipiga hatua mbili za haraka kulia, Banjo akamfuata, na mara Keely akageuka na kutokea kushoto. Banjo alibaki amekabana na hewa.

"Hatua za kwanza ni za kumdanganya," alieleza. "Halafu unakwenda unakokwenda kweli, na unakwenda kwa nguvu zote. Na msikimbilie mahali pamoja. Mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja katikati, ili mpigaji achague."

"Kocha!" Banjo alilalamika. "Si tumetoka kukatazwa uongo sasa hivi?"

"Miguu inaweza kumdanganya mkabaji," Kocha alijibu. "Kijitabu hakiwezi kumdanganya kocha."

Kwa karibu wiki mbili walifanya zoezi hilo hilo, kwenye tope na kwenye mvua. Walijikusanya katikati, na Jory alipoinua mpira walitawanyika kama ndege waliotupiwa jiwe. Kwa Jory ilikuwa kazi ngumu kuliko wote. Mguu wake ulizoea kupiga kwa nguvu. Mipira ya karibu ilipita juu ya vichwa au kuwagonga wenzake vifuani wakashindwa kuishika. Asubuhi aliacha kupiga juu ya tangi. Aliweka tairi kuukuu hatua thelathini mbele yake na kujaribu kuuangusha mpira ndani. Siku ya kwanza aliupata mara moja. Siku ya nne, mara tano. Hakuna honi iliyolia shambani. Mbwa wao tu ndiye aliyemtazama, na hata mbwa huyo alichoka akaenda kulala.

Jumamosi ya mechi ya mwisho magari yalijaa kuzunguka uwanja. Tallinga walijua kabisa mpira wa Jory unakoangukia, nao walijazana kushoto tangu mwanzo. Mara ya kwanza Jory alipiga kulia, na Banjo akaudaka peke yake. Mara ya pili alipiga katikati. Mara ya tatu aliingiwa na tamaa, akaupiga mbali kushoto, na Tallinga wakauchukua na kufunga goli.

"Tulia," Raf alimwambia. "Tupo. Tutazame."

Robo ya nne, ya mwisho, ilipokaribia kwisha, Port Hallam walikuwa mbele kwa pointi mbili. Tallinga wakapiga, na mpira ukagonga mlingoti. Mwamuzi wa goli alipeperusha bendera moja: pointi moja. Sasa walikuwa mbele kwa pointi moja tu, ilibaki dakika moja, na mpira ulikuwa mikononi mwa Jory.

"Mbali, Jory!" walipiga kelele watu magarini. "Upige mbali!"

Mguu wake wote ulitaka kutii. Aliugeuza uso kushoto, na Tallinga wakasogea kushoto. Raf alipiga hatua mbili upande huohuo, mkabaji wake akamfuata, na ghafla Raf akageuka kulia kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Alikuwa mchezaji mdogo kuliko wote uwanjani, na mbele yake hapakuwa na mtu.

Jory aliupiga mpira chini chini, umbali wa kutosha tu. Ulisafiri bila kuyumba, na Raf akaudaka kifuani kwa mikono miwili. Hakuna aliyepiga honi. Raf alirudi nyuma, akapumua, akampa Banjo, Banjo akampa mwingine, na kabla Tallinga hawajaugusa tena mpira, king'ora cha kumaliza mechi kililia.

Port Hallam waliingia fainali baada ya miaka tisa. Banjo alimbeba Keely mgongoni nusu ya uwanja, jambo ambalo baadaye alilikana.

Katika chumba cha kubadilishia nguo walishikana mabega wakaimba wimbo wa klabu mpaka bati likatetemeka. Kisha Kocha Trezona akainua mkono.

"Nina fahari na nyinyi," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo. "Nimeona timu zenye wapigaji hodari zikifungwa, na leo nimeona sababu ya nyinyi kushinda. Wiki mbili zilizopita mmoja wenu alisimama hapa akatuonyesha kosa letu lilipo. Ilimuuma, lakini kuanzia siku hiyo tulijua cha kufanyia kazi. Kosa lililofichwa halirekebishwi na mtu yeyote, na mara nyingi huangukia kichwa cha asiye na hatia. Kosa likisemwa wazi, hata dada wa netiboli anaweza kutusaidia. Mshukuruni Mungu kwa ushindi, na msemezane kweli."

Kisha Raf, aliyeketi karibu na Jory akifungua kamba za viatu, akamgusa kwa kiwiko.

"Lakini ule mpira wako wa tatu, ule wa kushoto, ulikuwa wa hovyo kabisa."

"Wa hovyo kabisa," Jory alikubali mbele ya watu wote, na hakuona aibu hata kidogo.