Ndiyo Sita za Chiriku

Kila jioni Chiriku aliisikia pikipiki ya shangazi yake ikikohoa kwenye kona ya mwisho, akaacha hesabu zake na kwenda kufungua mlango. Shangazi aliingia, akalitua begi la vifaa taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, kisha akaketi kwenye kigoda bila kuvua viatu. Alikuwa fundi wa majokofu ya chanjo. Vituo vya afya kumi na saba vilimtegemea yeye peke yake, kwa kuwa fundi mwenzake alistaafu na hakuna aliyeletwa kushika nafasi yake.

"Shikamoo, shangazi. Pole na kazi."

"Marahaba. Nimeshapoa, mwanangu. Hata pole zenyewe nimechoka kuzipokea."

Ratiba zake shangazi aliziandika kwenye daftari. Wiki moja daftari lililowa mvua, na safari za mwezi mzima zikageuka madoa ya buluu. Ndipo ofisi ikaamua kumpa kimashine cha mkononi cha kutunzia ratiba na kumkumbusha saa za kazi. Mtunza stoo alimpa viwili avijaribu kwa siku tatu, achague kimoja, na kingine akirudishe pamoja na fomu.

Kimoja kilikuwa cheusi, kinene kama mche wa sabuni, chenye vitufe vidogo. Cha pili kilikuwa chembamba, chenye kioo cha rangi, kalamu ya kugusia na mahali pa kuchorea picha.

"Macho yangu jioni hayafanyi kazi tena," shangazi alisema. "Wewe una miaka kumi na miwili, mambo haya mnayajua ninyi. Nijaribie. Kuna maswali sita kwa kila kimashine. Kengele inasikika kikiwa ndani ya begi? Maandishi yanasomeka juani? Mtu akivaa glavu anaweza kukitumia? Jaribu kwanza, ndipo uandike."

Siku ya kwanza Chiriku alikigusa kile cheusi, akaona hakina raha. Akachukua chembamba, akachora paka. Siku ya pili akamchora shangazi juu ya pikipiki. Siku ya tatu alirudi kutoka shuleni hoi, baada ya mtihani na zamu ya kufagia darasa.

"Fomu iko tayari?" shangazi aliuliza.

"Bado kidogo!"

Chiriku akashika kalamu. Kwa kile chembamba akajaza "ndiyo" mara sita. Kwa kile cheusi akachanganya, tatu ndiyo na tatu hapana, isije ikaonekana amebuni.

"Umevijaribu vyote?"

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi akahesabu ndiyo, akachagua kile chembamba, akatia saini bila hata kusoma maswali. "Ahsante. Umenipunguzia mzigo."

Alhamisi iliyofuata, jokofu la kituo cha mbali kabisa lilikufa. Muuguzi wa kule alihamishia chanjo kwenye sanduku la barafu, akapiga simu ofisini kuomba fundi. Shangazi alipopewa taarifa alikuwa akihangaika na jokofu la kituo kingine, kando ya jenereta. Alitega kengele ya saa nne asubuhi imkumbushe kuondoka, akakirudisha kimashine ndani ya begi na kuendelea.

Saa nne kengele ililia, lakini sauti yake ilikuwa kama ya mbu, na jenereta ikaimeza. Baadaye shangazi alitoka uani kutazama ratiba. Jua lilikuwa kali, na kwenye kioo hakuona ila uso wake mwenyewe. Alipojisogeza kivulini na kuona alichokisahau, ilikuwa saa nane.

Alifika saa kumi. Barafu ilikuwa maji. Chanjo zilikuwa zimewekwa kando, hakuna aliyethubutu kuzitumia. Akina mama waliotembea tangu alfajiri, watoto mgongoni, walikuwa wameambiwa warudi makwao.

Jioni ile Chiriku alipomwamkia, shangazi aliitikia kwa kichwa tu. Akaomba karatasi.

"Unaandika nini, shangazi?"

"Barua kwa msimamizi. Naomba niondolewe safari za mbali. Leo nimesahau kituo kizima. Kimashine kimelia, mimi sikusikia. Si ulikijaribu mwenyewe ukakisikia ndani ya begi?"

Chiriku akainamia hesabu zake.

"Basi ni masikio yangu. Uzee haupigi hodi."

Kalamu ikaendelea kukwaruza karatasi. Chiriku aliitazama. Angenyamaza, barua ingekwenda, na hakuna ambaye angejua kamwe. Shangazi alifika mstari wa tatu.

"Shangazi, usiandike." Chiriku akasimama. "Masikio yako ni mazima. Mimi sikujaribu."

Shangazi akainua kichwa. "Hukujaribu swali lipi?"

"Hata moja. Nilikuwa nachora tu. Nilitaka uchague hicho chembamba. Na siku ya mwisho nilichoka, nikajaza tu."

Shangazi akaweka kalamu chini. Hakufoka, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko kufokewa.

"Nimechoka hata kukasirika," alisema mwishowe, akaikunja ile barua. "Nenda kanawe uso. Kesho ukitoka shule tunakwenda kwa mtunza stoo, na utasema kwa kinywa chako mwenyewe."

Mtunza stoo alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho, akafungua kabati.

"Nilishangaa, binti. Miaka yote niliyokaa humu sijaona kifaa kisicho na 'hapana' hata moja. Haya, chukueni tena vyote viwili. Jumatatu nataka majibu, si mapambo."

Jumamosi Chiriku alifanya kazi kutwa. Alivitia vimashine ndani ya begi kwa zamu, akaenda kusimama karibu na msumeno wa umeme wa seremala wa mtaa wa pili. Kile chembamba hakikusikika. Kile cheusi kilipolia, seremala alizima msumeno akauliza, "Wewe, umefuga nini humo?" Alisimama juani hadi shingo ikamuwaka, na ni kile cheusi tu kilichosomeka. Alivaa glavu za shangazi, na hapo kile cheusi kikamshinda, kwani kidole kimoja kilibonyeza herufi tatu. Akaandika "hapana", na chini yake akaongeza: *Inawezekana kwa ncha ya penseli.* Jioni miguu ilimuuma, lakini kila jibu alilijua lilikotoka.

Shangazi akachukua cheusi.

Jumatano shule ilifungwa, shangazi akampakia Chiriku hadi kituo cha mbali, kulikagua jokofu alilolitengeneza. Chanjo nyingine zilikuwa zimeletwa.

"Dada fundi, leo umewahi!" muuguzi alisema. Akaonyesha benchi, ambapo mama mmoja alisinzia na mtoto mapajani. "Huyo ni wa siku ile. Hii ni mara yake ya pili kuitembea njia hiyo."

Chiriku akamsogelea. "Shikamoo, mama. Naomba unisamehe kwa siku ile."

Yule mama hakuelewa anaombwa msamaha wa nini. Alikuwa amechoka mno kuuliza. Alisogea kidogo tu, akapigapiga benchi. "Kaa, mwanangu."

Walipoingia chumba cha jokofu, shangazi alisema kwa sauti ya chini, "Umemwona? 'Ndiyo' uliyoiandika ukiwa umeketi kitini, yeye ameilipa kwa miguu yake. Kuchoka si kosa, Chiriku. Hata mimi nachoka. Ila ukichoka sema, 'Sijajaribu bado.' Hilo nalo ni jibu, na halimdhuru mtu."

"Nimekusikia, shangazi."

Shangazi akafungua mlango wa jokofu. "Nisomee kipimajoto. Kinasema ngapi?"

Chiriku alitaka kujibu pale pale aliposimama. Kisha akainama, akapangusa ukungu kwenye kioo kwa kidole, akatazama, akatazama tena.

"Nne."

"Una hakika?"

"Nimeangalia mara mbili."

Shangazi akaandika nne.