Barua ya Kisiwani Niliyoitunga Mwenyewe

Nina miaka hamsini na tatu. Ni mjane. Naishi Kolwezi katika chumba kilicho nyuma ya nyumba ya dada yangu, na ninajilisha kwa kushona. Shule niliyosoma ni kidogo: miaka minne kwa masista, halafu mafunzo ya cherehani katika kambi ya mgodi. Kama maneno yangu hayakupangwa vizuri, mnivumilie. Mkasa huu niliuficha karibu miaka thelathini... na aliyeharibu mambo ndani yake si jirani mwenye wivu wala mwanamke wa nje. Ni mimi.

Wakati ule Wabelgiji walikuwa bado wanatawala. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Mume wangu, Kabeya, alikuwa fundi wa mashini kwenye mgodi wa Musonoi. Wazazi wetu walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba, sisi tukazaliwa humu humu kambini. Tulikuwa na mtoto mmoja, Ngalula, wa miaka mitatu. Kwa hiyo mimi niliitwa Mama Ngalula, naye Baba Ngalula, na hata sisi wawili tuliitana hivyo.

Kambini kila kitu kilikuwa cha kazi. Nyumba ilikuwa ya kazi. Unga wa posho, samaki wakavu, hata blanketi, vyote vilifuata kitabu cha kazi cha mume wako. Akitoka kazini leo, kesho mwingine anapiga hodi mlangoni kwako na godoro lake kichwani. Tulilijua hilo tangu utoto.

Aliyetuletea habari ya kisiwa alikuwa Ramazani, dereva wa lori, Mwislamu wa Kasongo, mtu mwema. Alituambia kwamba huko Kivu, katikati ya ziwa, kuna kisiwa kinaitwa Idjwi. Mzungu mmoja ana shamba kubwa la kahawa na miti ya kwinini, ile ya dawa ya malaria, na anatafuta fundi wa kutunza mtambo wa kukaushia. Mshahara ni mara mbili ya ule wa Musonoi. Ndizi zinaota zenyewe, alisema, na vumbi ni neno ambalo watu wa huko hawalijui.

Tangu siku hiyo akili yangu haikulala.

Mume wangu alikuwa na kikohozi. Niliwaambia watu kwamba nataka kuhama kwa sababu ya kikohozi hicho. Lakini nimeahidi kusema kweli. Kikohozi kilikuwa kidogo, cha asubuhi tu, na yeye mwenyewe alikicheka. Kilichoniuma mimi ni dada yangu mkubwa, Kapinga, niliyemwita Yaya kwa heshima. Mume wake alikuwa karani, wakapewa nyumba yenye taa ya umeme. Kila nikienda kwake alikuwa akiwasha taa mchana, kisha ananiuliza kama macho yangu yameumia. Nilicheka naye. Nikirudi nyumbani, nilikuwa natazama kibatari changu kwa chuki.

Kabeya hakukataa kisiwa. Alimwomba mwalimu wa dini amwandikie barua kwa Kifaransa, Ramazani akaipeleka. Lakini aliweka sharti moja, na hakulegea hata siku moja.

"Mi siachi nyumba ya kampuni kama siyaona bado barua ya kazi," alisema. "Kazi kwanza, Mama Ngalula. Safari inafuata."

Tukangoja. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu... Barua haikuja.

Ndipo tatizo lilipokaza. Kontra yake, yaani mkataba wake wa kazi mgodini, ilikuwa ya miaka mitatu, na ilikuwa inaisha. Mwisho wa mwezi angeitwa ofisini kutia kidole kwenye kontra mpya. Akishatia, amefungwa miaka mitatu mingine, na nafasi ya kisiwa itakwenda kwa mwingine. Zilibaki siku kumi na moja. Miaka mitatu ya kibatari! Miaka mitatu ya kuulizwa habari za macho yangu!

Mjini kulikuwa na mtu mmoja aliyewahi kuwa karani, akafukuzwa, akabaki na mashini ya kuandikia nyuma ya duka la vitambaa. Watu walikwenda kwake kwa barua za nyumbani. Mimi nilikwenda na kitenge changu cha harusi ndani ya kapu. Nilimweleza kwamba mzungu wa Idjwi amekwisha kukubali kwa mdomo, ila barua imechelewa njiani. Hakuniuliza mara mbili. Alipiga mashini, akaweka sahihi ya mikwaruzo chini, akakunja, akachukua kitenge.

Nilimwambia mume wangu kwamba rafiki wa Ramazani ameileta akipita kwa haraka. Ramazani mwenyewe alikuwa safarini, hakujua kwamba jina lake limetumika.

Kabeya alinawa mikono kabla ya kuishika. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, kwa Kifaransa chake kidogo. Akairudia. Halafu akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa ili isikunjike. Sijasahau vile alivyonawa mikono.

Aliingia ofisini, akasema hatii kidole. Walimwuliza anakwenda wapi. Akaonyesha barua, na kwa barua ile ile akapata karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Kampuni ingeturudisha bure Kasai kama tungetaka, lakini Kivu ilikuwa juu yetu. Tuliuza baiskeli na meza. Vyungu tuliwaachia majirani, maana kwetu mtu anayehama kwa heri haondoki na masufuria kichwani kama mkimbizi. Yaya Kapinga alikuja kituoni kutuaga, akalia kweli. Mimi nilikuwa na furaha kwamba analia.

Treni, mashua ya ziwa Tanganyika, kisha malori ya milimani... Ngalula alitapika njia nzima. Kabeya alimbeba mgongoni kama mwanamke, watu wakamcheka, naye akawajibu kwamba huyu ndiye bosi wake mpya, anampeleka kazini. Katika safari ile yote nilikuwa nikijiambia jambo moja: tukishafika, mzungu akishamwona fundi mzuri namna hii, atauliza barua ya nini?

Kisiwa kilikuwa kizuri. Siwezi kukisingizia. Maji ya buluu, migomba hadi ukingoni, na baridi ya asubuhi yenye harufu ya maganda ya kwinini yaliyoanikwa juani.

Mzungu alitupokea kwenye baraza lake. Kabeya alivua kofia, akatoa barua kwa mikono miwili. Pembeni alisimama kapita, yaani msimamizi wa shamba, mzee mmoja aitwaye Bahati, aliyekuwa akitafsiri. Mzungu alisoma. Akageuza karatasi, akatazama nyuma. Akasema kwamba huu si mwandiko wake, na hili si jina lake lote.

Halafu akafungua sanduku la mezani akatoa nakala ya barua nyingine. Bahati alitafsiri polepole, kama mtu anayesoma kaburini. Mzungu alikuwa amejibu kweli. Alikuwa amemwandikia Kabeya wiki tatu kabla ya siku ile, kwamba kazi ipo, ila mtambo mpya haujafika, aje kiangazi kikianza. Barua hiyo ilikuwa njiani kuelekea Musonoi tulipokuwa sisi njiani kuja Idjwi.

Mnaelewa, wasomaji? Kazi ilikuwepo! Ilikuwa ya kwake! Nilichotakiwa kufanya ni kungoja siku chache tu...

Mzungu aliuliza ni nani aliyetunga karatasi ya uongo.

Kabeya aligeuka akanitazama. Hakunitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa naangalia vidole vya miguu vya Ngalula. Nilifungua mdomo, nawaapia, niliufungua. Lakini yeye aliwahi.

"Ni mi njo niliiandikisha," alisema. "Bibi yangu hajui kitu."

Mzungu alisema angempa kazi fundi aliyechelewa, hata fundi aliyewahi, lakini mtu wa karatasi za uongo hamtaki kwenye shamba lake. Akamwita askari. Kabeya alivushwa ng'ambo ya ziwa, akahukumiwa miezi minne.

Mimi nilibaki kisiwani kwa huruma ya Bahati na mke wake. Walinipa chumba cha kuwekea majembe. Nikawa naanika maganda ya kwinini pamoja na wanawake wengine, mikono ikawa ya njano, chakula nikipata.

Katika mwezi wa pili ile barua ya kweli ilinifikia. Ilikuwa imefika Musonoi, Yaya Kapinga akampa Ramazani, ikapita mikononi mwa madereva watatu hadi kwangu. Bahati alinisomea tukiwa tumekaa kwenye magunia. Ilisema mshahara. Ilisema nyumba ya matofali, vyumba viwili, karibu na ziwa. Ilisema mke na mtoto wanakaribishwa.

Niliichukua nikapanda hadi kwenye baraza la mzungu. Nilikuwa nimekusudia kusema kwamba ni mimi, wamtoe mume wangu, wanifunge mimi. Nilifika kwenye ngazi ya tatu. Mtumishi akaniuliza nataka nini. Nikasema nimepotea njia... nikashuka.

Nilijiambia kwamba nikifungwa, Ngalula atabaki na nani katika nchi ya watu? Hiyo ilikuwa sababu ya kweli, lakini si hiyo iliyonishusha. Niliona aibu. Niliogopa habari zisifike kwa dada yangu. Hicho ndicho kilichokuwa kizito kwangu kuliko mume aliyekuwa akivunja mawe kwa kosa langu.

Kabeya alitoka gerezani akiwa mwembamba, na safari hii kikohozi kilikuwa kikohozi. Hakuniuliza neno. Alikaa mbele ya chumba cha majembe, akamtengenezea Ngalula lori dogo la mabua, akamsimulia habari za mashini. Wiki zikapita. Siku moja alishindwa kuinuka.

Mchana mmoja, jua likiwa kali na maganda yamejaa uani, aliniita nikae karibu. Alikuwa akipumua kwa kazi.

"Mama Ngalula, ile barua ya kweli... ilifikaka?"

Barua ilikuwa kiunoni mwangu, ndani ya fundo la kitenge. Niliisikia ikinichoma ngozi. Na mimi nikasema, "Hapana. Haikufika."

Uso wake ukalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi yule muzungu alisema bongo, alitudanganya," alisema. "Kazi haikukuwako. Tungeikosa tu. Usijisumbue tena, Mama Ngalula."

Ndivyo alivyonisamehe. Alinisamehe kwa jambo ambalo halikuwa kweli. Siku mbili baadaye alikufa, tukamzika juu ya kilima, Bahati akaimba wimbo wa kanisa kwa Kihavu, lugha ya kisiwani, nami sikujua maneno yake.

Nilirudi Kolwezi na mtoto na kapu moja. Nyumba yetu ya Musonoi ilikuwa na watu wengine, mlango wameupaka rangi ya kijani. Yaya Kapinga alinifungulia kwake bila swali wala utani. Amenitunza hadi leo, na hajawahi kuwasha taa mchana tena. Hilo pia linaniuma.

Mwaka huu Ngalula, ambaye sasa ni mama wa watoto wanne, alikuja kunipa habari. Mume wake ameahidiwa kazi mbali, barua bado, lakini yeye ameanza kuuza vyombo. Akaniomba ushauri. Nilimketisha nikamwambia yote, tangu kitenge cha harusi hadi fundo la kiunoni. Hakulia. Aliosha vikombe tulivyonywea, akavipanga, akaenda zake. Vyombo hakuuza. Lakini kwangu hajarudi, na mimi simlaumu.

Dada zangu, kaka zangu mnaosoma haya: msihame kabla kazi haijawa mkononi kweli. Mtu akikuambia "kazi kwanza", usimwone mwoga. Ungoje naye, hata kama kungoja kunakuchosha. Na kama tayari umemdanganya mtu wako wa ndani, mwambie angali anaweza kukukasirikia. Mimi nilimnyima mume wangu hata hasira yake. Msamaha nilioupata sijui niuweke wapi... Haukuwa wangu.

Barua ninayo mezani, pembeni ya cherehani. Imechakaa kwenye mikunjo, na jina lake bado linasomeka. Nimechoka kuificha.

Baba Ngalula, ilifikaka.