Mama wa Watoto Watatu

Siku ya soko posta ya Tororo ilikuwa haipitiki. Wanawake wa Nabuyoga na kuku zao kwapani, makarani na bahasha zao, vijana wa kiwanda cha saruji wenye nyusi nyeupe kama wazee, wote walikuwa wakisukumana mbele ya dirisha moja, maana la pili lilifungwa na karani wake hakuna aliyejua aliko. Katika msukumano huo, mwaka wa 1965, Fabiano Emojong alimkanyaga msichana kidole cha mguu.

"Wewe! Umevaa viatu au matofali?"

"Pole, dada. Nasukumwa."

"Na mimi nasukumwa, mbona sikukanyagi?"

Emojong alimtazama, akasahau foleni. Gauni la manjano lilimkaa kiunoni kama lilishonewa hapo hapo mwilini, na kichwani alikuwa na kitambaa cha rangi ileile, kimefungwa fundo la ubavuni. Mkononi alishika zipu kadhaa na nyuzi za cherehani. Emojong mwenyewe alikuwa amevaa shati jeupe la nailoni alilolifua kwa mkono wake, lakini saruji haitoki kwenye kucha hata ufue.

Mkononi alikuwa na kadi ya salamu. Kadi hizo ulikuwa unaandika majina ya watu wako, unatia posta, na Jumamosi alasiri mtangazaji wa redio ya Sauti ya Maziwa anakusomea. Watu walikuwa wakisema maziwa yenyewe hunywewa huko mji mkuu, sisi tunapewa sauti.

"Dada, niandikie hapa. Salamu kwa mama yangu. Mkono yangu imechoka na magunia."

"Imechoka, au haijui njia?"

Emojong alicheka. Asingeweza kuudanganya mdomo ule. "Haijui njia sana. Darasa la pili, baba akafa, shule ikaisha."

Msichana hakucheka. Alichukua kadi, akaiegemeza ukutani, akaandika kwa herufi za mviringo. "Na anayesalimu?"

"Emojong Fabiano, mpakiaji. Na aliyeandika tumuandike nani?"

"Aliyeandika hasalimu mtu."

"Sasa mama yangu atamshukuru nani?"

"Benedeta," alisema. "Mwana wa Egesa, wa Lumino. Nashona pale Busia, barazani kwa Maggie. Na usiandike, kumbuka tu."

Alikumbuka. Jumapili iliyofuata alipiga baiskeli kutoka Tororo mpaka Busia, akiwa na suruali ya kushonwa. Alikuwa ameichana mwenyewe kwa wembe.

Maggie alikuwa mwanamke mnene wa vicheko. Duka lake lilitazama njia ya mpakani, na ndani alikuwa na vitu viwili ambavyo maduka ya jirani hayakuwa navyo: redio kubwa ya mbao na simu. Simu hiyo ndiyo iliyolea mapenzi yao. Kila Jumatano Emojong alisimama posta, opareta akamuunganisha, na Maggie akapokea.

"Maggie, nipe sukari yangu."

"Sukari ya kupima au ya mfuko?"

"Maggie, dakika zangu nakwisha!"

Benedeta alikuja akipumua. "Haya, sema, roho yangu. Maggie ameweka sikio, kwa hiyo sema mambo ya kanisa."

"Sema unanipenda."

"Nakuombea, ndugu Fabiano. Asubuhi na jioni nakuombea." Na Maggie alicheka mpaka Emojong alimsikia huko Tororo.

Barazani Benedeta alimfundisha kuandika. Alichora herufi kwa chaki ya fundi juu ya vipande vya kitambaa, na Emojong akazifuata kwa kidole chake kigumu. Baada ya miezi sita aliweza kuandika jina lake na la Benedeta. Baada ya minane, Mzee Egesa, baba yake Benedeta, katekista asiyecheka ovyo, alikubali wazee wa kina Emojong waje Lumino kuzungumza.

Hapo Emojong akataka kumshangaza mchumba wake. Alinunua kadi, akaandika kwa mkono wake bila kumwambia mtu. Alitaka kusema: Benedeta, mama ya watoto yangu watakuja. Yaani wale watakaokuja, Mungu akipenda. Lakini herufi zake zilikuwa kubwa na kadi ndogo. Alipofika "wata" mstari uliisha, akaiandika "kuja" chini yake, pembeni. Pale posta, mhuri ukaangukia hiyo "kuja" ukaifunika kwa wino.

Jumamosi redio ilipoguruma kwa Maggie, baraza lilikuwa limejaa. Mtangazaji, kijana wa mji mkuu mwenye sauti ya asali, alisoma: "Emojong Fabiano wa Tororo anamsalimu Benedeta wa Lumino, mama wa watoto wangu... watatu."

Cherehani ilinyamaza.

Jumatano Emojong alipopiga simu, Maggie hakutania. Alimpa Benedeta mkono wa simu.

"Mpenzi, umesikia salamu yangu?"

"Nimesikia. Lumino yote imesikia. Watoto wako watatu hawajambo?"

"Watoto gani?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza! Ulizaa na nani, Fabiano, ukakosea jina ukataja langu? Baba jana hakufundisha katekisimu. Mama mmoja alimuuliza mbele ya watoto: Katekista, wajukuu umewaficha wapi?"

"Benedeta, mimi naandika *watakuja*. Watakuja!"

"Mimi sikusikia watakuja. Nilisikia watatu." Simu ikakatwa.

Emojong aliomba ruhusa kazini, akanyimwa, akaenda vilevile. Alimkuta barazani, macho yamemvimba. Hakujitetea. Alichukua chaki, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaandika kama alivyoandika kwenye kadi, herufi zilezile kubwa, mstari ukaishia "wata". Kisha chini, pembeni: "kuja".

Benedeta alizifuata herufi kwa macho mpaka pembeni. Kicheko kikamtoka pamoja na machozi. "Mjinga wewe. Ungeniomba nikuandikie."

"Ningekuomba ujiandikie mapenzi mwenyewe?"

"Ungeniomba, Fabiano."

Wakapatana hapo hapo. Lakini Mzee Egesa hakuwa wa kupatana kwa chaki. "Mimi nakuamini, kijana," alisema. "Lakini mimi ni mtu mmoja, na redio iliingia kila nyumba. Redio ilisema, redio itangue. Ikitangua, lete wazee wako siku hiyohiyo. Isipotangua, binti yangu haondoki kwangu na jina la uchafu."

Basi wakaandika malalamiko. Nani alijua kwamba malalamiko nayo yana mlango wake, na mlango una bawabu? Barua ya kwanza ilirudi: anayelalamika lazima awe alisikia kwa masikio yake, na Emojong alikuwa zamu siku ile. Ya pili, aliyoandika Benedeta, ilirudi: taja kanuni iliyovunjwa, ukweli, adabu au heshima ya mtu. Kanuni zenyewe hazikuwa zikiuzwa wala kugawiwa. Benedeta akaandika zote tatu. Miezi minne jina lake lilining'inia kama nguo ya ndani kwenye kamba ya jirani, mpaka ikaja habari kwamba Kamati ya Malalamiko ya Wasikilizaji ingefika Tororo.

Walikuja watatu kwa gari jeusi. Mwenyekiti alikuwa na suti na miwani. Kulia kwake padre mmoja mpole asiyesema. Kushoto mtu wa redio mwenyewe. Ndiyo, redio ilikaa mezani kuihukumu redio. Wakubwa hawaoni haya.

"Ukanda wa kipindi uko wapi?" Emojong aliuliza.

"Kanda hufutwa baada ya siku saba," mtu wa redio akajibu.

"Na barua zenu zinachukua miezi nne?"

"Jibu unachoulizwa," Mwenyekiti alisema. Akainua kadi. "Hapa pameandikwa *wata*. Mtangazaji alikuwa na haki ya kumalizia kwa akili yake. Sisi tunapima hivi: je, Msikilizaji wa Kawaida angeelewa nini, na je, angeudhika?"

Mzee Egesa alisimama, kofia mkononi. "Bwana Mkubwa, huyo Msikilizaji wa Kawaida anakaa wapi?"

"Hakai mahali, mzee. Ni kipimo."

"Basi mleteni Lumino akae hata wiki moja. Mimi nimekaa huko na salamu yenu miezi minne."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza, akamgeukia Benedeta, aliyesimama wima ndani ya gauni la buluu lenye kola nyeupe alilolishona kwa ajili ya siku ile.

"Una mtoto?"

"Sina."

"Hata mmoja?"

"Hata nusu, Bwana."

"Una mimba?"

Emojong alifunga ngumi. "Sina," Benedeta alisema.

"Unatarajia kupata?"

"Sitarajii. Sijaolewa."

Mwenyekiti akaandika. Wakanong'onezana kwa Kiingereza, kisha akasoma: malalamiko yamekubaliwa, upande wa ukweli tu. Redio itatoa sahihisho Jumamosi, saa ya salamu. Uamuzi ni wa mwisho, na juu ya sahihisho hapapokelewi malalamiko.

Benedeta alishukuru, akaongeza, "Bwana, semeni tu kwamba mtangazaji alisoma vibaya. Inatosha."

Mtu wa redio alitabasamu. "Dada, redio haisomi vibaya. Redio husahihisha habari."

"Basi nisomeeni hayo maneno kabla."

"Kamati haiandikiwi maneno na mlalamikaji," Mwenyekiti alisema, akafunga faili.

Hata hivyo walishinda, au waliamini hivyo. Nje ya ukumbi Emojong alimshika mkono mbele ya baba yake, na mzee akajifanya anatazama mwamba wa Tororo.

Jumamosi baraza la Maggie lilifagiliwa mara mbili. Mzee Egesa alivaa koti la Pasaka. Emojong alikuja na mjomba wake Imalingat, ndiye aliyebaki kusema kwa niaba ya baba yake, na wazee wawili wa ukoo. Redio ikitangua, wangetoka hapo moja kwa moja mpaka Lumino. Benedeta alivaa gomesi nyekundu, gauni refu la sherehe, mshipi wa kung'aa kiunoni. Emojong alimnong'oneza, "Leo wewe umenimaliza."

"Bado," Benedeta akamjibu. "Ngoja nikupikie."

"Nyamazeni, wapenzi!" Maggie alisema, akaongeza sauti.

Yule kijana wa asali akasoma: "Sahihisho. Kufuatia malalamiko, Kamati imethibitisha kwamba Benedeta Egesa wa Lumino si mama wa watoto watatu. Bibi huyo hana mtoto, na hatarajiwi kupata mtoto. Tunawaomba radhi wasikilizaji wetu. Sasa turudi kwenye salamu."

Muziki ukaanza. Maggie akaenda kuzima.

Mwanamke mmoja pembeni ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa huruma: "Kumbe ni tasa. Maskini, hata serikali imempima."

"Si hivyo!" Emojong aliruka. "Waliuliza kama ana mimba! Mimi nilikuwa ndani!"

Imalingat alisimama polepole, akijipangusa magoti. Hakuwa mtu mbaya. "Mwanangu, umesema habari ya kwanza ilikuwa uongo kwa sababu redio ilikosea. Tukakubali. Sasa redio imekaa na padre, na bwana wa miwani, ikathibitisha. Neno ni *imethibitisha*. Niende kwa mama yako niseme nini? Wewe ni mtoto wake wa kiume peke yake." Akamgeukia Mzee Egesa. "Mzee mwenzangu, samahani. Binti ni mzuri. Hatuna ugomvi."

Mzee Egesa alivaa kofia yake, akashuka barazani, akatembea upande wa Lumino kwa miguu, koti la Pasaka mgongoni, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Wazee walipokwenda kusimama kituoni, Benedeta na Emojong walibaki pande mbili za cherehani. Watu walijitia wananunua chumvi.

"Tuondoke," Emojong alisema. "Leo. Nakwenda na wewe Tororo, nina chumba. Ng'ombe tutapeleka baadaye."

Benedeta alimtazama kwa shauku kubwa. "Bila wazee?"

"Bila mtu yeyote."

"Na mwaka wa kwanza ukipita sijashika mimba? Inatokea, Fabiano. Hata kwa wenye baraka inatokea. Mama yako atasema redio ilisema. Wewe utasema nini?"

"Nitasema ni uongo."

"Utasema kwa nguvu?"

"Kwa nguvu." Akakuna saruji kwenye ukucha. Kisha neno likamtoka, dogo, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. "Lakini wewe... wewe huna shida yoyote, sivyo? Pale ulipokuwa mdogo, hakuna ugonjwa?"

Benedeta alifungua mshipi wa gomesi, akauzungusha mkononi, akauweka juu ya cherehani.

"Sikuuliza hivyo," Emojong aliharakisha. "Benedeta. Mimi naamini wewe."

"Wale walisikia redio," alisema, bila hasira. "Siwalaumu, walisikia redio. Wewe ulikuwa ndani. Yule bwana alinivua nguo kwa maneno mbele ya watu wote, nami nikajibu kwa ajili yako, kila swali. Ulinisikia kwa masikio yako. Na bado unauliza."

"Imetoka tu mdomoni, mpenzi."

"Najua. Ndiyo maana." Alivuta kiti, akaketi, akatia uzi kwenye sindano mara moja tu. "Nenda. Basi lenu linajaa."

Alisimama pale mpaka tandiboi wa basi alipoita Tororo mara ya tatu. Kisha akaenda. Ndani ya basi, upande wa duka la Maggie, dirishani palikuwa na kiti kitupu, na Imalingat alikipigapiga kwa kiganja akimwita. Emojong alikipita, akaenda kukaa upande wa pili, asikoliona baraza.